Jumba la Mawe na Mtu Aliyelijenga

Msomaji, ikiwa umesoma hadithi za Kiingereza japo mbili au tatu, bila shaka umekwisha kukutana na jumba lile. Limesimama peke yake, mbali na majirani. Kuta zake zina nyufa na ukungu, bawaba za milango yake hulia, na ngazi yake hupanda mpaka kwenye chumba ambacho mgeni hukatazwa kukifungua. Usiku nyayo husikika mahali pasipo na mtu. Mwenye jumba ni bwana wa ukoo wa kale. Ana mali, ana siri, hana raha. Hadithi za namna hii huitwa za kigothi, na mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa kitabu chake juu ya ngome ya Otranto. Baada yake watungaji wengi wamelijenga jumba hilo na kulivunja. Edgar Allan Poe wa Marekani alilizamisha ziwani mwaka 1839 katika kisa cha nyumba ya Usher, na Charlotte Brontë alilichoma moto mwaka 1847 katika Jane Eyre.

Nataka tulitazame jumba hili likiwa limehamia kwetu, chini ya Mlima Kenya. Kitabu nitakachokitumia si watu wengi wangekiweka katika rafu moja na hivyo nilivyovitaja. Ni Matigari ma Njiruungi, cha Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025. Kilipigwa chapa Nairobi mwaka 1986 kwa lugha ya Kikuyu, kisha Wangui wa Goro akakifasiri kwa Kiingereza. Hamna ndani yake chumba kilichofungwa wala mshumaa unaozimwa na upepo. Walakini kinasimama juu ya swali lile lile ambalo hadithi zote za jumba la kutisha husimama juu yake, nalo ni hili: nyumba hii ni ya nani?

Mtungaji mwenyewe, kabla hajaanza kusimulia, anamwambia msomaji kwamba kisa chake hakina nchi maalumu wala mwaka maalumu, na kwamba kila mtu akiweke mahali apendapo. Ruhusa kama hii si ya kuachwa ipite. Mimi nakiweka Nyeri. Wewe uliyeko Nanyuki, au Kerugoya, au Embu, ukiweke kwako. Hakitapungukiwa na kitu.

Kwanza yatupasa kuuliza kwa nini jumba la kutisha halikuzaliwa katika ngano za Wakikuyu, watu ambao hawakukosa mazimwi katika hadithi zao. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika nyumba yenyewe. Jomo Kenyatta alieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938, kwamba nyumba ya Mkikuyu ilijengwa na kumalizika kwa siku moja, na moto ukawashwa ndani jioni ile ile. Kwani ikilala bila kumalizika, roho mbaya zaweza kutangulia kuingia kabla ya wenyewe. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo na nyasi. Tena desturi ya zamani ilikuwa kwamba mgonjwa aliyekaribia kufa hutolewa nje, na kama mauti yamemkuta ndani, nyumba ile haikaliwi tena. Tazama basi matokeo yake. Nyumba haikupewa nafasi ya kuzeeka pamoja na wafu wake. Wazee waliotangulia, ambao kwa Kikuyu huitwa ngoma (wala si ngoma hizi zipigwazo arusini), walikumbukwa na kumwagiwa pombe, lakini hawakuwa na ngazi ya kupanda usiku wala dari ya kutembea juu yake.

Pwani mambo yalikuwa mbali, maana huko watu wamejenga kwa mawe tangu karne nyingi, na magofu ya Gede yapo mpaka leo kuwashuhudia. Si ajabu basi kwamba riwaya ya Kiswahili iliyojaribu mapema kumtisha msomaji kwa mahali pa kale ilitoka Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960, Muhammad Said Abdulla anaiweka maiti ya tajiri mahali ambapo watu huogopa kupita, kisha anamleta Bwana Msa na kiko chake kuonyesha kwamba waliofanya kazi ile ni watu wenye mikono na tamaa kama sisi. Hicho ni kitabu cha kuondoa hofu. Kile tulicho nacho leo kinafanya kinyume: kinachukua jumba ambalo halimtishi mtu, likiwa linang'aa na bustani zake, kikatuonyesha sababu ya kuliogopa.

Jumba la mawe lilikuja Nyeri pamoja na ukoloni. Kituo cha serikali kilianzishwa hapo mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya vita vya kuwapiga watu wa Tetu, na katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yakaenea upande wa kaskazini, kupitia Naro Moru hata Nanyuki. Nyumba za walowezi zilikuwa za mawe ya kuchonga, na dohani kwa ajili ya baridi ya mlimani, na baraza pana la kutazamia mlima asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Ni nani aliyechonga mawe yale? Ni watu waliovaa kipande shingoni, na ambao baada ya kazi walirudi kulala katika vibanda pembeni mwa shamba. Waliijua nyumba nzima, kila jiwe lake, isipokuwa hawakujua jinsi usingizi ulivyo ndani yake.

Hapo ndipo Ngugi anapoanzia. Matigari, ambaye jina lake maana yake ni masalio ya risasi, ametoka msituni baada ya vita virefu na mlowezi Williams na mtumishi wake John Boy. Amewaua wote wawili. Anazifukia silaha zake chini ya mgumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anatelemka kuwatafuta watu wake ili waende pamoja nyumbani. Nyumba anayoisema ni ile ya Williams. Anasema aliijenga yeye kwa mikono yake, na shamba lile alililima yeye, ilhali aliyekaa ndani ni mwingine. Njiani anampata Muriuki, mtoto asiye na wazazi, na Guthera, mwanamke ambaye umaskini na udhalimu vimemfikisha katika kuuza mwili wake. Wanapofika langoni wanawakuta vijana wawili juu ya farasi: mwana wa Williams na mwana wa John Boy. Huyu wa pili ndiye kijana ambaye watu walimchangia fedha zao chache ili akasome ng'ambo. Amerudi, amelinunua jumba, na wala hataki kusikia habari za mzee aliyevaa matambara. Matigari anachekwa, anachapwa, anakabidhiwa polisi.

Sasa, msomaji, hama kidogo upande wa Matigari, ukasimame upande wa John Boy. Mtu aliyedhaniwa amekufa, naye ndiye aliyewaua baba zenu, amejitokeza langoni na kudai nyumba mnayolala. Uso wake haueleweki; mara umejaa mikunjo ya uzee, mara mikunjo imetoweka akawa kijana. Watoto wamemtupia mawe na mawe hayakumpata. Baadaye anatiwa gerezani na milango inafunguka. Watu wananong'ona kwamba ni malaika, wengine kwamba ni Masihi aliyerudi. Je, haya si mambo ya kigothi matupu? Nyayo zinazosikika usiku ni za Matigari. Mzimu wa jumba hili ni fundi wake.

Katika hadithi za Ulaya msomaji huingizwa kwa mlango wa mbele. Huingia pamoja na mgeni, au mrithi, au bibi arusi, naye huogopa pamoja nao kile kilichofichwa ndani. Mtumishi huja na mshumaa, huinama, hutoka. Hatumfuati tukajua alilala wapi. Ngugi anatusimamisha na yule mtumishi. Anatufanya tuone kwamba kitisho cha jumba hutegemea mlango ulioingilia, na kwamba aliye nje huweza kuogopwa bila yeye kuwa na nia ya kumtisha mtu. Matigari haji kutisha. Anakuja amefukia bunduki, anauliza kwa adabu wapi atapata ukweli na haki, na anauliza vivyo hivyo kwa kila amkutaye: dukani, shambani, kwa mwalimu, kwa kasisi, mwisho kwa waziri mwenyewe. Namna hii ya kuuliza njia nzima imetolewa katika hadithi ya kale ya mgonjwa anayemtafuta mzee mganga, nayo inakipa kitabu mwendo wa masimulizi ya kuambiana usiku, mwendo ambao mwanafunzi aliyezoea riwaya za darasani huenda akaudhani ni upungufu. Si upungufu. Kisome kwa sauti utaona.

Nimesema swali la kitabu hiki ndilo swali la hadithi zote za jumba la kutisha. Rudi Otranto ukaone. Manfred, mwenye ngome, anaikalia kwa sababu babu yake alimuua kwa sumu bwana wa haki. Na mrithi wa haki yupo pale pale uani, kijana aliyevaa nguo za mkulima, asiyejulikana. Mwishoni mzimu wa bwana aliyeuawa unakua mkubwa mpaka kuta zinaanguka, na kijana anatambuliwa. Hebu ondoa Italia, weka Nyeri: mnyang'anyi, wana wa mnyang'anyi, mtu wa haki katika nguo za kimaskini, jumba likiisha. Kisa ni kile kile! Tofauti ni moja tu, lakini ndiyo inayokifanya kitabu cha Ngugi kuwa kipya. Kwa Walpole haki ya nyumba ni haki ya damu. Kijana anaipata kwa sababu ya baba na babu zake. Kwa Ngugi haki ya nyumba ni haki ya jasho. Wana wote wawili waliopanda farasi wana haki ya damu, kila mmoja kwa baba yake, na mwana wa John Boy ameongeza juu yake haki ya fedha. Mzee hana ila mikono yake.

Vilevile na Jane Eyre. Juu kabisa ya jumba la Bwana Rochester kumefungwa mwanamke kichaa, Bertha, aliyeletwa kutoka Jamaica; mahari yake ilikuwa pauni elfu 30. Mali yake imeingia katika nyumba, yeye amefungiwa dari, na siku moja anaichoma. Katika riwaya ile Bertha hasemi neno la kujieleza. Mwandishi mwingine, Jean Rhys, alilazimika kumtungia kitabu chake mwaka 1966 ili asikike. Matigari naye anaitwa mwenda wazimu, anapelekwa katika hospitali ya vichaa, anatoroka, anakuja kuliteketeza jumba. Sidai kwamba Ngugi alimwiga Brontë. Nasema kwamba ukivisoma vitabu hivi viwili mfululizo utaona kimoja kimesimuliwa sebuleni na cha pili darini.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa haraka hulipita. Jumba la hadithi za kigothi huwa linabomoka, hili halibomoki. Limepakwa rangi, lina bustani, lina maua. Gofu la kitabu hiki liko mahali pengine, nalo ni lile pori la magari mabovu ambamo Muriuki na watoto wenzake hulala. Kila mtoto ana gari lake lililokufa. La Muriuki ni Mercedes-Benz. Asubuhi huenda jalalani kuchokora, na hata jalala lina watu wanaolitoza ada mlangoni. Kurasa hizi ndizo zinazonitia baridi zaidi kuliko zote. Huhitaji mzimu katika gofu ambalo watoto walio hai wamelipanga kama mtaa, kila mmoja akijua kitasa cha mlango wake. Ngugi hapa hapazi sauti. Anahesabu magari tu, akaendelea.

Sasa kwa nini nikakiweka kisa hiki Nyeri? Kwa sababu nchi hii inajua kwa hesabu habari ya nyumba na moto. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, ikawakusanya katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Nyumba walizoziacha nyuma zilibomolewa au kuchomwa, mara nyingi mbele ya macho yao. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Na nchi ilipopata uhuru Desemba 1963, wapiganaji waliosalia walitoka msituni wakakusanyika Ruring'u, nje kidogo ya mji, wakaweka silaha chini. Hao walikuwa masalio ya risasi kwa maana kamili ya neno. Walitelemka wakitafuta nyumbani, na wengi walikuta shamba limekwisha kununuliwa na mwenye mkopo. Kwa msomaji wa Nyeri, tukio la langoni si ndoto ya mtungaji.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwisho wa kitabu unanitatiza. Matigari anaingia katika jumba lililozingirwa na askari, na jumba linawaka. Watu waliokusanyika wanashangilia, kisha nao wanatia moto mali ya matajiri wengine. Yeye na Guthera wanakimbilia mtoni, mbwa nyuma yao. Katika hadithi za kigothi moto huja kama dawa: uovu umo ndani ya kuta, kuta zikiisha na uovu umekwisha. Lakini hapa tumeambiwa tangu ukurasa wa kwanza kwamba kuta hizi ni jasho la mtu. Alitelemka mlimani akitaka kulala ndani yake na wanawe. Anapolichoma, anachoma kazi ya mikono yake mwenyewe, tena kwa namna ile ile ambayo nyumba za mama zetu zilichomwa. Huenda hakuwa na njia nyingine. Kitabu kimejitahidi sana kuziba njia nyingine zote. Ningetaka hata hivyo ukurasa mmoja, mmoja tu, ambapo Matigari anapapasa jiwe alilolichonga kabla ya kuwasha moto. Haupo.

Na kutokuwapo kwake kuna sababu, ambayo ni kasoro kubwa ya kitabu. Hatujapata kukaa ndani ya jumba lile. Brontë alitutembeza katika vyumba vyake, tukajua pazia na kiti, hata vilipoungua tuliona hasara. Ngugi anatuacha langoni. Hatujui sebule ilikuwaje, wala jiko, wala kama alama za nyundo za Matigari zilibaki popote. John Boy naye hakupewa usiku mmoja wa kukosa usingizi. Ni mbaya mchana na usiku, kama barakoa isiyo na uso nyuma yake. Laiti angeogopa kidogo, tungemwamini zaidi, na kitisho kingetufikia kutoka pande mbili. Guthera peke yake ndiye anayebadilika mbele yetu, naye pia mara nyingi hubebeshwa hotuba nzito kuliko mtu mwenyewe.

Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo kitabu ni mahubiri tu. Siwezi kukubaliana nao, na ushahidi wangu si wangu, ni wa serikali ya wakati ule. Ngugi, aliyekuwa uhamishoni tangu mwaka 1982, alieleza katika toleo la Kiingereza kwamba mwanzoni mwa mwaka 1987 wapelelezi walipata habari kuwa wakulima wa mkoa wa kati wananong'ona juu ya mtu aitwaye Matigari, azungukaye nchini akiuliza habari za ukweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Baadaye ikagunduliwa kwamba mtu huyo yumo katika kitabu tu, ndipo mwezi Februari polisi wakaingia madukani wakakusanya nakala zote walizozipata. Walpole hakupata bahati ya kusomwa namna hiyo.

Mwishoni kabisa mvua inanyesha, mto umefurika, na hakuna ajuaye kama Matigari yu hai au amekufa. Muriuki anarudi peke yake kwenye mgumo, anafukua. Kabla hujafika huko, msomaji, ukirudie kipande cha langoni, ukisome mara mbili. Mara ya kwanza simama chini pamoja na mzee, umwangalie mtu aliye juu ya farasi. Mara ya pili panda farasi pamoja na John Boy, umtazame mzee aliyejaa vumbi, ambaye hujapata kumwona maishani mwako, naye anaijua idadi ya mawe ya nyumba yako.